Kizibo Chekundu

Jumatatu, 2 Septemba

Leo dada wa chuo ametugawia madaftari sisi tunaojua kuandika, akasema tuandike kila siku mpaka mvua zianze, kisha atayachukua akayasome. Nilimuuliza niandike nini. Akasema, "Chochote, kaka. Kazi, mwili, watu, hasira. Usipambe." Nikamwambia nimeishia darasa la sita. Akasema darasa la sita linamtosha. Basi asije akanilaumu.

Wamekuja wawili na msaidizi. Mmoja ni daktari wa figo, mama mrefu asiyecheka. Wa pili ndiye huyu wa madaftari. Kazi yake ni kuuliza watu wanaishije, na kabla jua halijafika utosini alikuwa tayari ana jina, Dada Maswali.

Daktari alipanda juu ya rundo la matofali mabovu akatueleza. Alisema sehemu nyingi zenye joto, watu wa kazi za sulubu kama sisi wafyatua matofali wanaharibika figo wakiwa bado na nguvu, hawana sukari, hawana presha, na hawajui mpaka zimekwisha. Wanataka kuona kama kivuli, maji na mapumziko vinazuia. Kwa hiyo nusu yetu tutawekewa turubai msimu huu, nusu tutaendelea kama zamani, na msimu ujao watu wote watapata.

Mchomaji wa tanuru akauliza kwa nini tusipewe wote leo. Daktari akasema tukipewa wote leo hatutajua kilichosaidia ni kipi.

"Mimi nimeshajua," mchomaji akasema. Tulicheka. Daktari hakucheka.

Majina yetu hayaandikwi popote, ni siri. Kila mtu ana namba kwenye kadi ya plastiki, anaivaa shingoni. Foleni ilianzia kwa msaidizi anayetoa damu kwa sindano, ikaishia kwa Dada Maswali aliyeshika mfuko wa vizibo vya soda. Ukitoa kizibo chekundu unapewa kadi yenye kamba nyekundu, wewe ni wa turubai. Cheupe, kamba nyeupe, endelea na jua lako.

Mbele ya shemeji yangu nilikuwa mimi. Ni mume wa mdogo wangu wa kike, na mimi ndiye niliyemleta hapa miaka mitatu iliyopita, safari ya siku mbili kwa basi, nikambembeleza nyapara ampe kalibu ya kufyatulia matofali. Tulipofika mezani nikampisha atangulie, kwa heshima tu, maana ameoa kwetu. Akachomwa, akatia mkono mfukoni, akatoa chekundu. Nikafuata, nikatoa cheupe.

Yeye ni kumi na sita. Mimi ni kumi na saba. Mtu asiniambie lolote, kile kizibo kilikuwa changu.

Jumanne, 3 Septemba

Jua kali. Tumepakua tanuru la pili.

Alhamisi, 5 Septemba

Turubai limesimamishwa karibu na shimo la udongo. Lina mabenchi manne na pipa la maji yenye chumvi na sukari kidogo. Kila baada ya saa moja nyapara anapuliza filimbi, wenye kamba nyekundu wanaacha kazi, wanakwenda kukaa dakika kumi. Adhuhuri wanakaa nusu saa. Ujira wao ni ule ule wetu.

Mimi kazi yangu ni kupanga na kupakua. Nikiwa juu ya tanuru ninawaona wote chini pale, miguu imenyooshwa. Shemeji hukaa mwisho wa benchi la kwanza, anavua kofia, anajipepea nayo kama bibi harusi. Filimbi ya tatu alikuja chini ya tanuru na kikombe amekificha ndani ya kofia.

"Shemeji, kunywa upesi upesi, nyapara kageuka."

"Wamesema msigawe. Mtaharibu utafiti."

"Utafiti haukuoni. Kunywa."

Nilikipokea, nikayamwaga juu ya matofali. Yalikauka kabla sijamrudishia kikombe. Aliniangalia tu, akarudi benchini. Nilisikia raha kwa muda mfupi, kisha nikasikia kiu.

Jumatatu, 9 Septemba

Kazi. Mgongo chini ya mbavu unauma pande zote mbili. Mkojo kama chai ya rangi.

Jumamosi, 14 Septemba

Dada umesema niandike hasira. Haya.

Wasiojua kuandika wanazungumza na mashine yako ndogo ya kunasa sauti. Shemeji hajui kuandika zaidi ya jina lake, kwa hiyo unamwita kila Jumamosi mnakaa nyuma ya stoo ya kuni. Sisi wenye madaftari unatuuliza tu, "Unaandika, kaka?" na unapita. Yeye anakaa nawe saa nzima. Leo nilikuwa ndani ya stoo nachagua kuni za kuwashia, na ukuta ule ni mbao, una nafasi.

Nilimsikia anakusimulia jinsi alivyomsukuma baba yake kwa baiskeli kwenda hospitali. Kwamba alimfunga kwa shuka kwenye kiti cha baiskeli asianguke. Kwamba njia ilikuwa ya siku mbili, na siku ya pili alikuwa anaongea naye, anamwambia baba, tumekaribia, baba, naona mabati ya hospitali. Na walipofika muuguzi akamwambia, huyu ni marehemu wa tangu asubuhi. Nikasikia unapenga kamasi.

Dada, huyo alikuwa baba yangu. Baiskeli niliisukuma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hadithi hiyo nilimsimulia shemeji mara moja tu, mwaka wa kwanza alipofika, siku tuliyokosa kazi kwa ajili ya mvua.

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo nje ya chumba chetu nilimkabili.

"Shemeji, ile ya baiskeli ni yangu."

Hakubisha. "Aliniuliza habari ya kufiwa. Nimwambie nini? Baba yangu mimi yuko hai, anafuga kuku."

"Ungemwambia hivyo hivyo, anafuga kuku."

"Nilimwambia. Akaandika neno moja, akageuza ukurasa." Alisugua sufuria kidogo. "Halafu na mimi yule ni baba mkwe wangu. Mke wangu hulia kila akimtaja. Si wangu hata kidogo?"

Nikamwambia hata kidogo. Nikaingia ndani nikalala na njaa yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Mdogo wangu alipiga simu. Aliongea na mumewe nusu saa, kisha mimi nikapewa simu ikiwa imepata moto. "Kaka, nasikia huko kuna turubai na maji matamu. Namshukuru Mungu. Unajua mwili wake si kama wako, wewe ni chuma." Nikasema ndiyo. Mimi ni chuma. Mke wangu wa zamani naye alikuwa anasema hivyo, kabla hajaenda kwa mtu wa nyama.

Ijumaa, 20 Septemba

Jua. Chai ya rangi.

Jumanne, 24 Septemba

Asubuhi viatu havikuingia. Nimekata ulimi wa viatu kwa kisu, vimeingia. Shemeji alikuwa kitandani kwake akinitazama. Nilimuuliza anatazama nini. Akasema, "Natazama viatu."

Jumatatu, 30 Septemba

Dada Maswali amerudi chuoni kwa majuma matano, kufundisha. Alituaga mmoja mmoja. Mimi alinishika mkono, akasema, "Usipambe." Shemeji alimshika mkono kwa mikono miwili.

Mambo ya utafiti sasa yameachwa kwa nyapara na filimbi yake. Nyapara hahesabu watu, anahesabu kamba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilitapika juu ya tanuru. Mchomaji alisema ni moshi. Nami nikasema ni moshi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kadi zetu zote mbili zinakaa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango. Leo niliamka wa kwanza. Shemeji alikuwa bafuni, namsikia anavyojimwagia maji na kuimba. Nikachukua yenye kamba nyekundu, nikaivaa ndani ya shati, nikatoka bila kungoja chai.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Akinidai mbele ya watu ningemwambia, umechukua baba yangu, nami nimechukua kamba yako. Alipofika shimoni alikuwa na kamba nyeupe shingoni. Alisimama, akaniangalia kifua, akaniangalia miguu.

"Shemeji, leo umewahi," akasema. Basi. Akashika kalibu yake akaanza kufyatua.

Filimbi ikalia. Nikashuka kwenye tanuru, nikaenda nikakaa mwisho wa benchi la kwanza. Mchomaji yeye ni wa turubai, alinisogelea.

"Mzee mweupe, leo umekuwa mwekundu?"

"Tumebadilishana."

"Na chuo kinajua?"

"Wewe umeolewa na chuo?"

Waliangua kicheko, wakanipa kikombe. Hakuna atakayesema. Utafiti ni wa wenyewe, si wetu.

Nataka kuyaeleza yale maji lakini sijui niyaelezeje. Yana ladha kama machozi yaliyotiwa sukari. Nilikunywa vikombe vitatu. Upepo ulipita chini ya turubai nikasikia jasho linapoa shingoni, na nilikuwa nimesahau kwamba jasho hupoa. Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama juani, anakung'uta kalibu, tofali, kalibu, tofali. Hakuinua kichwa.

Nilingoja nisikie furaha. Ilikuja, lakini nusu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeichukua tena.

Jumamosi, 12 Oktoba

Juma zima nimekuwa namba kumi na sita. Hasemi kitu. Najiuliza ni woga, au anaona aibu kwa ile hadithi, au ni mjinga tu. Kila asubuhi anachelewa bafuni kuliko zamani. Sasa hata ukimya wake unaniudhi. Mtu aliyeibiwa anatakiwa apige kelele.

Jana alirudi midomo imepasuka. Akanywa maji ya mtungi vikombe vitano bila kupumua, akafuta mdomo, akasema, "Hivi ninyi weupe mnaishije?" akacheka. Sikucheka.

Mkojo bado ni chai. Nilidhani turubai litausafisha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya chupa. Ndiyo mara ya pili ya kupimwa, ya kwanza ilikuwa ile ya vizibo. Wameleta msaidizi mpya, kijana mwenye glavu asiyemjua mtu. Anasoma kadi yako, anaandika namba kwenye chupa, anakupa ukajaze nyuma ya pazia, kisha anakutoa damu.

Sasa hapa nitaandika kama ilivyo, kwa sababu niliambiwa nisipambe.

Nilikuwa na muda wa kurudisha kadi. Shemeji alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, angenipa yangu bila neno. Na yeye alikohoa mgongoni kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, vipi kuhusu kadi?" Mimi nilikuwa nafikiri kuhusu yule mpanga matofali wa tanuru la kwanza. Mara ile ya kwanza waliona kitu kwenye damu yake, wakamwandikia barua, kesho yake hayupo. Bosi hataki mgonjwa kiwandani. Nikafikiri, wakiona kitu kwangu leo, watakiona cha kumi na sita. Wamwandikie yeye. Aende akapepewe na mke wake.

Nikamwambia, "Acha hivyo hivyo."

"Una hakika?"

"Nimesema acha."

Akasogea hatua moja na foleni, kisha akasema, "Sawa. Mradi wapime." Sikuelewa alikuwa na maana gani.

Nilijaza chupa. Ilikuwa nyeusi kuliko chai. Yule kijana aliiinua juani, akaitazama, akanitazama, akaandika 16.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimerudisha kadi kwenye msumari. Nimemwachia nyekundu yake. Nilimwambia, "Dada Maswali yuko karibu kurudi, ataona sura." Akasema, "Haya." Alipokwenda turubaini leo mchomaji alimpigia makofi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Joto la kabla ya mvua. Sijala. Viatu nimevikata tena.

Ijumaa, 1 Novemba

Mawingu upande wa barabara kuu, yametanda yakaondoka. Nyapara anatukimbiza, kuna matofali mabichi elfu kadhaa uwanjani na mvua ikiyakuta yatarudi kuwa udongo.

Jumatatu, 4 Novemba

Wamekuja wote, Daktari na Dada Maswali. Walitukusanya asubuhi. Daktari alisimama chini safari hii, hakupanda juu ya rundo. Mkononi ana karatasi.

"Namba kumi na sita."

Shemeji akasimama. Alikuwa na udongo mpaka viwikoni.

Daktari akampeleka pembeni, lakini pembeni ya kiwanda cha matofali ni wapi? Tulisikia wote. Figo zake hazifanyi kazi vizuri. Aache kazi leo. Gari la chuo litamchukua Jumatano kwenda hospitali kubwa, watampima upya na kumtibu bila kumdai, kisha watamsafirisha nyumbani. Dada Maswali alikuwa amemshika bega. Macho yake yalikuwa mekundu.

Na unajua mimi nilisikia nini? Sikusikia huruma. Niliona wivu. Gari, hospitali, bega kushikwa, nyumbani. Nilitamani kuwaambia, hiyo ni ya kwangu, nipeni, nimeifanyia kazi kwa figo zangu mwenyewe. Nikafunga mdomo.

Kisha nikamsikia Daktari anamwambia Dada Maswali, "Alikuwa na turubai majuma sita kabla ya kupimwa. Maji, kivuli, kila kitu. Hali imeshuka namna hii. Sielewi." Na bosi, ambaye leo alikuja na shati jeupe kuonyesha kwamba hagusi udongo, akasema, "Basi Daktari, kumbe turubai halisaidii. Msimu ujao mimi sina haja ya filimbi. Watu wangu wanapoteza muda bure." Daktari alikuwa anaitazama karatasi kama mtu aliyesomewa barua ya kifo.

Mchomaji aliniangalia. Wale wa benchi la kwanza wote waliniangalia. Niliandika humu kwamba utafiti si wetu, na sasa nilikuwa nauona ulivyo wetu. Kuna watu thelathini wa kamba nyeupe ambao msimu ujao wangekaa kivulini, nami nimewamwagia maji yao wote juu ya matofali.

Jumanne, 5 Novemba

Shemeji anapanga begi. Mimi sikwenda kazini, miguu imekataa. Tulikuwa wawili chumbani, mlango wazi, joto limesimama kama mtu.

Alikunja mashati yake manne, akayapanga, akayakunjua, akayakunja tena. Kisha akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Shemeji, utasema lini?"

"Niseme nini?"

"Mimi nitafika hospitali watanipima. Watanikuta mzima kama ng'ombe. Watarudi kukutafuta, lakini ni baada ya siku ngapi? Na wewe miguu yako ndiyo hiyo."

"Ulijua?"

"Mimi sijui kusoma, shemeji, lakini si kipofu. Choo chetu ni kimoja."

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu ile Jumamosi ya baiskeli.

"Dada Maswali alipomaliza kulia aliniuliza, huyo mzee alikuwa anaumwa nini? Mimi nitajua wapi, baba si wangu. Ikabidi nikumbuke ulivyonisimulia. Nikamwambia, alikuwa anachoma chokaa maisha yake yote. Miguu ilivimba, viatu haviingii. Mkojo ukawa kama chai. Ninasema hivyo, na huku nayasikia maneno yangu mwenyewe, nikaona ni wewe ninayekueleza."

Hilo lilinikalisha. Miaka ishirini na mbili nimeibeba ile safari. Najua kila kokoto la njia ile. Najua shuka lilikuwa la rangi gani. Na sikuwahi hata mara moja kuitazama miguu ya baba na kisha kuitazama yangu. Aliyeiiba hadithi ndiye aliyeisikiliza.

"Ndiyo maana ukaniachia kamba?"

"Ulikuwa unakataa maji yangu. Nikaona ukiyaiba utayanywa."

"Na siku ya chupa?"

"Siku ya chupa nilitaka turudishe. Ulivyosema acha, nikajua unafikiri nini." Alitazama mlangoni. "Iliniuma, shemeji, sitakuficha. Nikasema moyoni, huyu ananiuza. Halafu nikasema, kama nikigombana naye hapa ataondoka kwenye foleni asipimwe kabisa. Heri wapime, namba tutasema baadaye. Nilidhani ungesema wewe mwenyewe. Nimekungoja majuma matatu."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Mimi nilikwisha kusema maneno yako mara moja. Hukupenda."

Hapo nikacheka, Dada, na kicheko kiliniuma mbavuni. Na yeye akacheka. Tukakaa.

Alasiri mvua ya kwanza ikaja. Nilisikia nyapara anapiga kelele, "Turubai! Shusheni turubai!" Nikatoka mlangoni kuangalia. Walikuwa wanalikata kamba, wanalikokota uwanjani kufunika matofali mabichi. Mabenchi manne yamebaki yanalowa. Msimu mzima nimelitamani lile turubai, nikalala nalo na kuamka nalo, na dakika tano za mvua zimetosha kuonyesha hapa ni nani hasa anayefunikwa.

Jumatano, 6 Novemba

Gari lilikuja saa mbili. Shemeji alinishika mkono mpaka pale uwanjani, kwa sababu sikuweza kutembea vizuri, na watu walidhani mimi ndiye ninayemsindikiza mgonjwa.

Nilimpa Dada Maswali daftari hili likiwa limefunguliwa tarehe 7 Oktoba. Nikamwambia, "Soma hapa mpaka tarehe kumi na saba. Sikupamba."

Alisoma amesimama. Nilimwona anafika kwenye stoo ya kuni, maana alirudi nyuma akazisoma zile kurasa pia, akamtazama shemeji. Shemeji akatazama udongo.

"Yule mzee hakuwa baba yako?"

"Ni baba mkwe, Dada."

"Mlinidanganya wote wawili."

"Mimi nilikudanganya kwa mdomo," shemeji akasema. "Yeye ni msomi, alikudanganya kwa chupa."

Dada Maswali akampelekea Daktari daftari. Daktari alisoma haraka, kwa kidole. Kisha akakaa kwenye benchi lililolowa, na gauni lake jeupe la kidaktari.

"Kwa hiyo kumi na sita halisi ni mzima."

"Mzima," shemeji akasema.

"Na mgonjwa ni wa jua."

"Ndiye huyu."

Na yule mama asiyecheka, akacheka. Alifunika uso kwa mikono akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaniona nilivyosimama, akaacha, akaona haya. "Nisamehe, kaka. Si wewe. Ni karatasi." Namsamehe. Lakini niandike kwamba sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kuwa naumwa mimi.

Alikuwa mkali baadaye. Alisema damu yetu ya siku ile haitatumika, wote wawili tumetolewa kwenye hesabu, na ataandika kwenye ripoti yake kosa lilivyotokea. Akasema kosa la kwanza lilikuwa lake, kuhesabu kamba akaacha watu. Bosi aliitwa, akaambiwa turubai halikushindwa. Hakufurahi kama Daktari.

Kisha nikarudishiwa daftari, nikapanda gari mimi. Shemeji naye akapanda. Nyapara akampigia kelele kwamba yeye ni mzima, ashuke, kuna matofali. Shemeji akatoa kichwa dirishani.

"Namba kumi na sita nimeambiwa niache kazi," akasema. "Karatasi mnayo."

Jumamosi, 9 Novemba

Hospitali. Kitanda cha dirishani. Nimefungwa utepe mkononi wenye namba nyingine ndefu, lakini chini yake wameandika jina langu pia. Daktari wa hapa anasema figo zimebaki kidogo zaidi ya nusu. Nikiacha tanuru na nikinywa dawa zitanifikisha mbali. Nikirudi kwenye tanuru hazitanifikisha msimu ujao. Nikamuuliza nitafanya kazi gani. Akasema hilo si la figo.

Mdogo wangu amepiga simu. Safari hii alianza na mimi. Alilia, akanitukana, akalia. Akasema niende kwao, kuna chumba. Kisha akaomba azungumze na mumewe, na wakazungumza dakika arobaini, nami nikasikia wivu wangu unaamka na kujinyoosha kama paka. Yupo. Sitasema hayupo.

Shemeji atarudi msimu ujao. Turubai litawekwa kwa wote, Dada Maswali ameapa. Yeye atakaa pale mwisho wa benchi la kwanza na kofia yake, nami nitakuwa nyumbani kwa baba yake, yule wa kuku, nikijifunza kulisha kuku.

Leo Dada amekuja na mashine yake. Aliniuliza kama nataka kuisimulia upya safari ya baiskeli, kwa sauti yangu, ili ile ya kwanza ifutwe. Nilifikiri sana. Shemeji alikuwa dirishani, ananimenyea chungwa, anajifanya hasikii.

Nikamwambia asiifute. Aandike tu kwamba msimuliaji ni mkwe. Huyu anaisimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa anangoja daftari. Limebaki jambo moja la kusahihisha, lile la tarehe 2 Septemba. Niliandika kwamba pale kwenye foleni nilimpisha kwa heshima. Si kweli. Kabla ya mfuko wa vizibo kulikuwa na sindano, na mimi naogopa sindano tangu utoto. Nilimtanguliza ili nione kama inauma.

Kwa hiyo kizibo kilikuwa chake.